Kidude cha Matundu Saba

Nikiwa na furaha mimi huwa sifai. Nacheka peke yangu, naongea na vyombo, naweza hata kumsalimia mbuzi wa jirani na kumuulizia watoto. Kwa hiyo mnivumilie nikisema kwamba kuna kifaa cha kompyuta ninachokipenda kama ndugu. Kipo mezani kwangu, hapa steshenari Nachingwea, kati ya mashine ya fotokopi na boksi la karatasi. Ni cheusi, kizito, kina matundu saba ya USB, na kila tundu lina swichi yake ndogo yenye kitaa cha kijani. Wateja wakiuliza ni nini, nawaambia ni habu. Wakiuliza habu ni nini, nawavutia kiti, maana hapo hawaondoki upesi.

Kaka yangu, mkubwa wetu sote, anaishi Ruangwa. Msimu ule wa korosho alianguka na pikipiki, mguu ukavunjika juu ya goti, akapelekwa Dar es Salaam kuwekewa vyuma. Wifi yangu akaenda naye kumuuguza. Daktari akasema asitoke kitandani kwa wiki kadhaa. Na huku nyumbani binti yao wa kwanza, aliyenifanya mimi niitwe shangazi, harusi yake ilikuwa imeshapangwa, wageni wameshaambiwa, mchele umeshanunuliwa. Tukampigia kaka simu tumwambie tuahirishe. Akafoka mpaka nesi akamjia juu.

"Tarehe haisogei," akasema. "Na mwanangu namwozesha mwenyewe, kwa kinywa changu. Tafuteni namna."

Kutafuta namna kukaniangukia mimi, kwa sababu katika ukoo mzima mimi ndiye mwenye laptopu. Nikaenda kwa sheikh pamoja na baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yetu, ambaye kaka alikuwa amemteua awe wakili wake ikishindikana. Sheikh alisikiliza, akachezea ndevu, akakubali kwa sharti. Lazima amwone kaka usoni na amsikie waziwazi, yeye na mashahidi na bwana harusi, toka mwanzo wa tamko mpaka mwisho. Mawasiliano yakikatika hatawaweka watu juani wakisubiri mitambo. Wakili atasimama, ataozesha, na habari itakuwa imekwisha.

"Niko tayari, sheikh," akasema baba mdogo, na kuku waliokuwa uani wakatawanyika.

Niwaeleze kuhusu sauti ya baba mdogo. Akikusalimia getini, nyumba ya nne wanaitikia. Akimwita mtu shambani, mtu anakuja pamoja na majirani zake. Siku ile ile alikwenda kwa fundi kupima kanzu mpya, na kuanzia hapo kila nilipomkuta alikuwa anajifunza maneno ya kuozesha, mkono kifuani, macho juu: "Nimekuozesha...!" Nikamtazama nikasema moyoni, huyu mzee anaombea nishindwe. Nilimchukia, Mungu anisamehe, kwa muda wa wiki mbili kamili.

Mtaniuliza, kwa nini usitumie simu tu? Jamani, simu tuliijaribu kwenye harusi ya binamu yetu. Watu arobaini walipigania kioo cha ukubwa wa kiganja, na shughuli ilipofika patamu akapiga mtu wa mkopo wa pikipiki, sura ya mzazi ikapotea, tukamsikiliza yeye. Safari hii nilitaka kaka aonekane kwenye televisheni, mkubwa, na sauti itoke kwenye spika, na yeye kule kitandani amwone binti yake kwa kamera ya maana, amsikie kwa maiki ya maana. Na intaneti iingie kwa modemu. Kamera, maiki, spika, modemu: vitu vinne, na vyote vinataka tundu la USB. Laptopu yangu ina matundu mawili, na moja kati ya hayo liliuawa na mteja aliyeingiza flashi kichwa chini miguu juu, akasukuma kwa imani. Kwa hiyo nilikuwa na tundu moja.

Ndipo nikanunua habu ya kwanza, kidude cha kuligawa tundu moja liwe mengi. Niliinunua hapa Nachingwea karibu na stendi, kwa kijana mwenye meza ya chaja na kava za simu. Ilikuwa na matundu manne, nyepesi kama biskuti, na haikuwa na waya wa kwenda ukutani. Nikaona hilo ni jambo zuri, waya pungufu, usumbufu pungufu. Mjinga mimi! Nikachomeka vitu vyote vinne, nikampigia kaka hospitali tufanye majaribio. Akatokea, anang'aa, akafungua kinywa aseme salamu, na pale pale akaganda. Kinywa wazi, jicho moja limefumba. Alikaa hivyo dakika nzima. Nilicheka hadi nikaketi sakafuni, halafu nikakumbuka kwamba kama ingekuwa ndiyo siku yenyewe, binti wa kaka angeozeshwa na kanzu mpya. Nikaacha kucheka.

Baba mdogo alipita asubuhi yake. "Hicho kidude chako kimekufa?" akauliza. Macho yalikuwa yanametameta, naapa.

"Kimepumzika tu, baba," nikamjibu kwa heshima zote, huku nikikitupa kwenye droo kwa nguvu.

Nikajua kidogo kidogo tatizo ni nini. Laptopu inatoa umeme wa kulisha tundu moja, basi. Habu isiyo na umeme wake inachukua ule ule wa mtu mmoja na kuwagawia wanne, na wote wanabaki na njaa, wa kwanza kuzimia ni kamera. Inatakiwa habu yenye adapta yake, inayokula ukutani na kuwalisha wenzake. Nikarudi mezani kwa yule kijana, kifua mbele, nikaomba yenye adapta. Alikuwa nayo! Boksi zuri, picha ya moto na radi. Nikafika nayo dukani, nikaifunga, nikampigia kaka, tukaongea dakika tano, kumi, anacheka, wifi anapunga mkono, mimi nacheza kiduku nyuma ya fotokopi. Dakika ya kumi na mbili nikasikia harufu. Adapta ilikuwa ya moto, kama kikaango kabla hujaweka chapati. Kaka akaganda tena, safari hii akiwa amejishika pua.

Niligeuza ile adapta nikasoma maandishi ya chini, yale madogo ambayo nilipaswa kuyasoma kabla ya kutoa pesa. Volti tano, nusu ampea. Nusu! Simu ya tochi inakula zaidi. Nikarudi kwa kijana nikiwa nimefura.

"Mama, adapta ni adapta," akasema.

"Na suruali ni suruali," nikamwambia, "mbona hujavaa ya mtoto wa chekechea?"

Watu wa meza za jirani wakaangua vicheko, na yeye mwenyewe akacheka, akanirudishia pesa yangu, nusu kwa aibu na nusu kwa kunipenda. Lakini habu sikuwa nayo, na zilikuwa zimebaki siku sita.

Nikahamia Ruangwa nyumbani kwa kaka, maana wazazi wote wawili wa bibi harusi walikuwa hospitali na mimi ndiye niliyekaa mahali pao. Huko, kati ya kupepeta mchele na kugombana na wapishi, nikaulizia fundi. Wakanielekeza kibanda kimoja jirani na soko. Nikategemea kumkuta mwanaume mwenye kofia. Nikamkuta mama wa makamo, kitenge kifuani, miwani imefungwa kwa uzi, anachomelea simu iliyopasuliwa kama samaki. Nikamwambia nataka habu ya matundu mengi. Hakunyanyua uso.

"Unataka ibebe nini?" akauliza.

Nikamtajia. Akaweka chini chuma cha kuchomelea.

"Sikiliza dada. Watu wananunua matundu. Wewe nunua adapta. Ukiwa na sahani saba haina maana una chakula cha watu saba." Akavuta boksi lililofunikwa vumbi chini ya meza. "Hii imekaa sana, watu wanakimbia bei. Shika."

Nikaishika. Ilikuwa nzito. Akanionyesha adapta, maandishi ya chini: volti tano, ampea nne. Akanionyesha waya wa kwenda kwenye kompyuta, mnene na mfupi, akasema waya mrefu mwembamba unapoteza umeme njiani. Akanionyesha swichi, kila tundu na yake, kwamba unaweza kuzima kimoja bila kuchomoa wala kugusa vingine. Kisha akaniambia bei, na mimi nikatafuta kigoda.

"Ngoja uijaribu kwanza," akasema. "Mimi siuzi kitu hakijanywa chai."

Akanimaliza hapo hapo. Alikuwa na maana hii: akachomeka modemu yangu, kamera yangu, spika yangu, maiki yangu, akaongeza diski ya nje aliyokuwa akiitengeneza, akawasha vyote, halafu akanishika mkono tukavuka kwenda kwa mama ntilie. Tukanywa chai, tukala chapati, tukasema watu. Tuliporudi, karibu saa nzima baadaye, vitaa vyote vilikuwa vinawaka. Akagusa adapta kwa mgongo wa mkono kama anampima mtoto homa. Vuguvugu tu. Akatikisa waya mmoja mmoja, akavuta, akapindisha, hakuna kilichopepesa. Nilimkumbatia mpaka miwani ikamwanguka.

"Lakini unielewe," akasema akiiokota. "Vyako ni vinne. Matundu matatu yanayobaki si ya kujaza. Na simu usichomeke hata moja. Simu za siku hizi zina tamaa."

"Haki ya Mungu sichomeki," nikamwapia.

Majaribio matatu tukafanya na kaka. Hakuganda hata mara moja. Tulipiga soga mpaka nesi akazoea, akawa anatusalimia. Kaka akajifunza maneno yake mbele yangu, polepole, na alipofika kwenye jina la bintiye sauti ilimtetemeka, akasema, "Hapo patanishinda." Nikamwambia hapatamshinda. Na baba mdogo alikuwa pembeni kakaa kimya, anatazama ile televisheni, halafu anitazame mimi, halafu atazame taa za kijani. Nikadhani anahesabu namna ya kuzizima.

Siku ikafika. Turubai limefungwa uani, wanaume kwenye majamvi, wanawake ndani. Mimi na meza yangu tuliwekwa mlangoni, mguu mmoja kwa wanaume na mmoja kwa wanawake, laptopu mbele, habu pembeni, televisheni imeelekezwa nje. Jenereta la jirani lilikuwa tayari nyuma ya jiko, ingawa siku hiyo umeme haukuthubutu kukatika. Kaka alikuwa hewani, kavaa kofia nyeupe na shuka la hospitali. Nilijisikia kama rubani.

Wakwe wakaingia. Upande wa bwana harusi walitoka Nambilanje alfajiri, na kwao, wakasema, umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Sasa nyie mnajua kwetu mkwe ni nani. Mkwe unampokea ukiwa umepiga magoti. Mkwe akiwa na kikapu unakichukua kabla hajakohoa, akitazama maji unaleta maji, na neno "hapana" mbele ya mkwe siku ya harusi halijawahi kutamkwa katika nyumba yetu. Akaja kaka mkubwa wa bwana harusi, akaona taa zangu za kijani, akanyoosha simu. "Mkwe, imezima. Naona hapo pako wazi." Palikuwa wazi! Matundu matatu matupu yanamtazama mgeni machoni. Nikaipokea kwa mikono miwili. Akaja shangazi yake bwana harusi. Nikapokea. Na mwisho akaja mama yake mzazi, mwenyewe, mkwe wa wakwe, na simu kubwa kama sahani ya matunda, aliyonunuliwa na mwanawe kwa ajili ya kupiga picha siku hiyo hiyo.

Nilisikia sauti ya fundi kichwani, naapa niliisikia. Nikapiga magoti, nikasema, "Karibu sana mkwe," na nikaijaza habu matundu yote saba.

Sheikh akaanza. Hotuba ikaenda vizuri. Akamwuliza kaka kama anatusikia, kaka akasema anasikia, na uani pote pakatulia. Bwana harusi akasogezwa mbele ya televisheni. Kaka akavuta pumzi.

"Nimekuozesha binti yangu..."

Vitaa saba vikapepesa, vikazima, vikawaka. Kamera ikafa. Spika ikafa. Modemu ikageuka nyekundu, na kwenye televisheni pakabaki rangi ya kijivu pale alipokuwa kaka yangu, hajafika hata kwenye jina la mwanawe.

Sheikh alingoja, akasafisha koo, akageuka taratibu. "Wakili," akasema.

Baba mdogo akasimama. Kanzu mpya, imenyooka, inang'aa. Akaweka mkono kifuani, akainua macho, akafungua kinywa. Na akakohoa.

Mimi nilikuwa nimekodolea macho zile simu tatu. Kuchomoa simu ya mkwe mbele ya mkwe? Mikono ilikataa. Ndipo nikakumbuka swichi. Nikateremsha kidole pembeni ya meza: la tano, la sita, la saba, tik, tik, tik. Simu zikabaki zimechomekwa kwa heshima zao zote, hazili kitu. Mama yake bwana harusi alipokuja kuichukua yake jioni aliikuta na asilimia ile ile mbili, akanitazama, akasema, "Mkwe, umeme wenu Ruangwa ni wa kufunga swaumu." Lakini hiyo ni baadaye. Wakati ule modemu ilikuwa bado nyekundu, na modemu yangu ikianguka inachukua karibu dakika mbili kuinuka.

Baba mdogo akakohoa tena. Akaomba maji. Wakamletea. Akanywa funda moja, akatikisa kichwa, akanong'ona kwamba ni ya baridi mno. Kanong'ona, baba mdogo! Wakakimbilia jikoni wakaleta ya vuguvugu. Akanywa polepole, akasikilizia, akafungua kinywa, ikatoka sauti kama ya bawaba ya mlango. Akagusa koo kwa kidole akamtazama sheikh kwa huruma kubwa. Nikamshukuru Mungu kwa kikohozi cha mzee, na nikaona haya kushukuru.

"Labda tuteue mwingine," sheikh akasema.

Baba mdogo akainua mkono, kwamba bado, bado, anajaribu. Akakohoa kwa utaratibu, kikohozi kirefu chenye mafungu. Modemu ikapepesa. Ikawa bluu. Nikabonyeza kupiga, ikaita mara moja, na kaka akarudi, mkubwa, jasho linamtoka, wifi nyuma yake kashika mdomo.

"Nipo!" kaka akasema. "Nipo, sheikh, nipo!"

Sheikh alimtazama, akatazama mashahidi, akasema waanze tena toka mwanzo. Na kaka akaanza toka mwanzo. Alipofika kwenye jina la bintiye sauti ikamtetemeka, akasimama kidogo, mimi nikafa kidogo, halafu akalitamka lote, la mtoto na la baba, akaenda mpaka mwisho. Bwana harusi akasema amekubali. Vigelegele vilipasuka ndani hadi spika ikazidiwa, na bibi harusi akatoka mbio na vazi lake mpaka mbele ya kamera, akapiga magoti kwenye meza yangu, akamwambia baba yake, "Nimekusikia baba. Nimekusikia lote." Nilikuwa nalia na kucheka, sijui ni lipi lilikuwa juu ya lingine.

Watu walipotulia kidogo, kaka akafuta uso kwa shuka, akachungulia.

"Baba mdogo yuko wapi? Niliporudi hewani nilimwona anakohoa. Pole sana, baba. Sauti imekwenda?"

"IPO!" akajibu baba mdogo.

Kuku wakatawanyika. Nyumba ya nne, mtu akaitikia. Sheikh akamgeukia polepole, na uani pote, wanaume, wanawake, wakwe, mashahidi, wakamgeukia, na yeye ndipo akagundua alichokifanya. Kwenye televisheni kaka alielewa kabla yetu. Alijifunika shuka uso mzima, na mabega yakawa yanaruka, yanaruka, mpaka wifi akamshika mguu asiuumize.

Baba mdogo akakaa. Akanyoosha mikono ya kanzu yake, akauliza kama pilau bado.